Nundu Nane za Bwana Abudi

Vijana mnaoingia katika kazi ya injini, pimeni. Pimeni mlichonunua, mlichopewa, mlichorithi, na hasa kile mlicholetewa na mtu mnayemheshimu. Nimeifanya kazi hii na kuifundisha kwa muda wa kutosha kuchakaza viatu vingi, na kama ningeambiwa nistaafu kwa sentensi moja tu, ningesema hiyo kisha nikae. Lakini nimesimama mbele ya madarasa ya kutosha kujua kwamba sentensi moja iliyo sahihi huwafanya wanafunzi wasinzie. Kwa hiyo nitawaeleza jinsi mimi mwenyewe nilivyojifunza kupima. Nilijifunza kwa kutopima, mbele ya mji mzima wa Amu, ambao ninyi mwauita Lamu, siku gari la spoti liliposhindana na punda.

Ilikuwa miaka ya sitini, bendera mpya ikiwa bado na mikunjo yake ya kabatini. Baba yangu, Karani Mwakio, alikuwa mtu wa bara, Mtaita, aliyehamishiwa Amu kutunza mafaili ya barabara katika kisiwa ambacho hakikuwa na barabara. Kazi hiyo aliifanya kwa bidii kubwa. Mimi nilikuwa nimemaliza shule nikiwa na miaka kumi na minane, nikingoja kupelekwa Mombasa kujifunza taipu, kwa sababu Baba aliamini kwamba msichana mwenye taipu halali njaa. Katika kungoja huko nikawa napita mtaa wa Wiyoni, penye karakana ya Fundi Kombo, mtengenezaji wa injini za mashua.

Msidhani nilipokelewa kwa akili zangu. Nilipokelewa kwa sababu ya mkono mwembamba. Siku moja Fundi Kombo alikuwa ameangusha nati ndani ya injini, mahali ambapo mkono wake, uliokuwa na unene wa mguu wa meza, haungeweza kufika. Aliniona nimesimama mlangoni.

"Mwana wa karani," akasema, "mkono huo wautumia kwa kazi gani?"

"Kuandikia, Fundi."

"Ndoo hapa uutumie kwa kazi ya maana."

'Ndoo' ya Kiamu ni njoo, kama 'kuyua' ni kujua. Nikaitoa ile nati, na sikurudi tena nyumbani na kucha safi. Fundi Kombo alikuwa mtu wa swala tano, asiyesema uongo hata kwa mteja, jambo ambalo lilimpunguzia wateja. Kutoka kwake nilijifunza mambo ambayo hata leo hayamo katika vitabu vyenu. Injini inapofunguliwa, kila kundi la parafujo hutiwa katika kifuu chake cha nazi, na vifuu hupangwa sakafuni kwa mpangilio ule ule wa injini, ili ukiitazama sakafu uione injini imelala chali. Boliti za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa mizunguko mitatu, kama mtu anayetandika shuka bila kuacha mkunjo. Na kama huna gasketi ya kuziba maungio, usilie. Tafuta karatasi ngumu.

Hili la karatasi lilinitia matatani. Fundi alinituma Kiwayu kutengeneza mashua ya mvuvi mmoja, nami nikabeba kila kifaa isipokuwa gasketi. Katika mkoba wangu mlikuwa na jalada la faili nililolichukua nyumbani kwa ajili ya kuchorea. Nikalikata, nikalipaka mafuta, nikalifunga, na injini ikaunguruma vizuri kabisa. Miezi kadhaa baadaye mvuvi yule alikuja Amu, akamwambia Baba kwa shukrani nyingi kwamba mashua yake inaendeshwa na serikali. Baba hakuelewa mpaka alipoonyeshwa ukingo wa gasketi uliokuwa umejitokeza nje, wenye herufi nne kubwa nyekundu: SIRI.

Sasa gari. Mzungu mmoja aliyekuwa na shamba upande wa bara alikuwa anarudi kwao, na katika kugawa vitu alimwachia Bwana Lali gari lake la spoti. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, fupi kiasi kwamba ukikaa ndani yake ulitazamana na mbuzi uso kwa uso. Bwana Lali alikuwa mfanyabiashara wa nazi, mwenye nyumba za mawe na tumbo la heshima, na hakujiuliza hata mara moja gari lile lingepita wapi katika mji ambao vichochoro vyake humlazimu mtu mnene kutembea ubavuubavu. Likaletwa kwa mashua ya mizigo, limefungwa kamba kama mbuzi wa Idi, likateremshwa gatini kwa mbao, na watu wakalipigia makofi.

Mahali pekee palipolifaa ni ufukwe wa kuelekea Shela, maji yakitoka, mchanga ukiwa mgumu. Siku ya kwanza Bwana Lali alilitoa kwa shangwe. Likaenda hatua mia, likaanza kukohoa, na lilipokuwa likikohoa likapitwa na punda aliyebeba magunia mawili ya chokaa. Punda huyo aliitwa Waziri. Mwenyewe alikuwa Bwana Shekuwe, na kwa bahati mbaya Bwana Shekuwe alikuwa ndugu wa mke wa Bwana Lali. Kama mjuavyo, mashemeji hawasameheani bure.

"Shemeji," akauliza Bwana Shekuwe kwa upole mkubwa, "gari hilo lina nguvu za farasi wangapi?"

"Hamsini," akajibu Bwana Lali.

"Hamsini! Na wote hamsini wamepitwa na punda mmoya? Hebu waulize, labda hawakula."

Ufukwe mzima ukacheka. Bwana Lali akawa mwekundu kama gari lake, na pale pale akaapa kwamba Jumamosi ya bamvua, siku kumi na mbili mbele, maji yatakapotoka mbali, gari lake litamshinda Waziri kutoka mwisho wa nyumba hadi kwenye mnazi ulioanguka. Likishindwa, atang'oa viti na kuligeuza banda la kuku wa Bwana Shekuwe, tena mbele ya mlango wa Bwana Lali mwenyewe. Likishinda, Bwana Shekuwe atasimama mbele ya gari kila asubuhi kwa mwezi mzima na kulisalimu, "Sabalkheri, Bwana Gari."

Jioni ile gari likasukumwa hadi Wiyoni.

Nami nilikuwa na shauri langu. Chuo kimoja cha ufundi huko bara kilikuwa kimenijibu barua. Mkuu wake aliandika kwamba hawajawahi kumchukua msichana, lakini hawana sheria inayokataza, na kwamba watanifikiria nikileta sahihi ya mzazi pamoja na barua ya fundi anayeshuhudia kuwa nimefungua injini nzima kwa mkono wangu, nikaifunga, ikawaka. Fundi Kombo akasema injini ya Bwana Lali ndiyo itakayokuwa injini yangu. Baba akasema mambo ya sahihi yana utaratibu. Akatia karatasi katika taipu yake, akapiga sharti moja: *Gari la Bwana Lali likitangulia kufika kwenye mnazi, mzazi atatia sahihi fomu ya chuo cha ufundi. Lisipotangulia, binti atakwenda kujifunza taipu bila manung'uniko.* Akagonga muhuri. Baba alimfahamu Waziri vizuri, kwa hiyo alilala usingizi mzuri.

Ndani ya gari Mzungu alikuwa amesahau jarida la magari, na katika jarida hilo kulikuwa na makala juu ya kuongeza nguvu. Nikalisoma mpaka kurasa zikalegea. Lilisema njia ni mbili: kutengeneza silinda hedi ili injini ipumue vizuri na kubana zaidi, na kubadilisha kemshafti.

Tuanze na silinda hedi, maana hiyo niliifanya vizuri na nataka mjue. Ili mbano uongezeke, uso wa chini wa hedi hupunguzwa kidogo, nao lazima ubaki bapa kabisa. Ninyi mna mashine. Sisi tulikuwa na kioo kikubwa cha kujitazamia cha Bi Maryamu, mke wa Bwana Lali, kilichotoka India pamoja na fremu yake. Tulikilaza mezani, tukakitandazia msasa, tukaisugua hedi juu yake kwa mwendo wa namba nane siku mbili nzima. Kwa kung'arisha njia za hewa tulitumia ngozi ya taa, yule samaki bapa, kama wafanyavyo maseremala wa mashua. Inafika penye kona ambapo msasa wa dukani hukunjamana. Na ili nione hewa inapitaje, nilichukua chetezo, nikafukiza udi upande mmoja na kuuvuta kwa pampu upande wa pili, nikitazama moshi unapokwama. Ilifanya kazi vizuri sana. Tatizo ni kwamba silinda hedi ikawa inanukia kama bibi harusi, na Fundi Kombo akawa anatoka nje kila baada ya dakika chache, akidai kwamba anasikia haya.

Bi Maryamu aliporudishiwa kioo chake alikitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "nilikupa kioo. Huu ni ukungu."

"Nitakupa kingine, Bi Maryamu, nikianza kazi."

"Basi na ushinde. Mimi sitaki kuku wa kaka yangu mlangoni kwangu."

Sasa kemshafti. Hiyo ni fimbo ya chuma yenye nundu. Inapozunguka, kila nundu hunyanyua valvu yake, kile kizibo cha njia ya hewa: valvu hufunguka, nundu ikipita, hufunga. Injini ile ilikuwa na silinda nne, kwa hiyo valvu nane na nundu nane. Ukiifanya nundu iwe ndefu na nene zaidi, valvu hufunguka zaidi na kwa muda mrefu zaidi, injini humeza hewa nyingi. Jambo ambalo jarida lilisema kwa maandishi madogo, nami nikalisoma kwa macho makubwa yaliyokuwa yanatazama kwingine, ni kwamba faida hiyo huonekana injini ikienda kasi sana. Ikienda polepole, valvu za kuingizia na za kutolea hukaa wazi pamoja, na nguvu hupotea. Ni kama nyumba iliyoachwa wazi mlango wa mbele na wa nyuma: upepo ukiwa mkali, nyumba hupoa, upepo ukiwa mdogo, wanaoingia ni kuku. Andikeni hilo. Msiulize tu injini itakuwa na nguvu kiasi gani. Ulizeni itakuwa na nguvu hiyo wapi, na kama mahali hapo mtawahi kufika.

Kemshafti mpya haikupatikana Amu, wala Mombasa kwa siku kumi na mbili. Fundi Kombo akaamua tuiongezee chuma ile iliyokuwapo kwa kulehemu, kisha tuisage kwa jiwe mpaka kila nundu ipate umbo la kwenye jarida. Kwa hilo tulihitaji vielezo, yaani vibao vyembamba vilivyokatwa umbo lile, vya kulinganishia kila nundu. Nikasema kielezo kimoja kinatosha. Fundi akasema mbao zitalika kwa kusuguliwa na chuma, afadhali kila nundu iwe na chake, na kwamba mjini hapa kuna mtu mmoja tu mwenye mkono wa kukata umbo kama lile.

Mtu huyo alikuwa Bwana Abudi, mchonga milango. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ilisemwa kwamba watu walioa mapema ili wapate kisa cha kumwagiza mlango. Nilimpelekea mchoro mmoja, nikamweleza: vielezo vinane vya umbo hili.

"Kazi yake ni nini?" akauliza.

"Kufungua na kufunga, Bwana Abudi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa kila kitu. Siku ya nne akavileta mwenyewe, vimefungwa kwa kitambaa cheupe. Vilikuwa vya mvule, vyembamba kama biskuti, laini kama sabuni. Nilikuwa na kipimo mfukoni. Namaanisha mfukoni kabisa, kikinichoma paja. Lakini kumpimia Bwana Abudi kazi yake mbele yake kungekuwa sawa na kuonja mchuzi wa mama mkwe huku umekunja uso. Nikashukuru kwa mikono miwili. Alipoondoka nikaona aibu ile ile ingali inanishika, nikaendelea na kazi. Tukalehemu mpaka mtungi wa gesi ukaisha. Nikasaga usiku na mchana, kila nundu kwa kielezo chake, mpaka vidole vikasahau kwamba ni vidole.

Alhamisi, baada ya Alasiri, tukaiwasha.

Iliwaka mara ya tatu. Niliruka. Kisha nikatua, kwa sababu injini ya silinda nne hutakiwa kunguruma sawasawa, na hii haikunguruma. Ilipiga. Du-du-kà, du-kà. Du-du-kà, du-kà. Fundi Kombo akainamisha kichwa kusikiliza. Mimi nikafanya marekebisho ya kabureta: ikapiga vile vile, ila kwa furaha zaidi. Na hedi ilipopata joto, ule udi wote uliojificha ndani ya vishimo vya chuma ukaanza kutoka.

Kabla hatujajua la kufanya, mlango ukajaa buibui. Mbele yao wote alikuwa Bi Maryamu, mkononi ana pembe ya nyati na kijiti chake.

"Harusi ya nani?" akauliza. "Na mbona hatukualikwa?"

Hapo ndipo nilipotambua. Injini yangu ilikuwa inapiga vugo. Wale mlioko bara, vugo ni ile pembe inayopigwa na wanawake wa Amu katika harusi, wakifuatana njiani na kuimba. Mapigo ni yale yale, hayana shaka, na wanawake wa Wiyoni, waliosikia vugo na kunusa udi kwa pamoja, walikuwa na haki kabisa ya kuvaa.

Nikazima injini, nikafungua, nikapima. Nundu nane, vipimo vinane. Hakukuwa na mbili zinazofanana. Nikachukua vielezo, nikaenda kwa Bwana Abudi karibu mbio.

"Bwana Abudi, hivi vyote vina tofauti!"

"Ndiyo," akasema kwa furaha. "Umeona yeo? Nilidhani hutaona kabisa."

"Lakini nilikupa mchoro mmoja!"

"Ulinipa ua moya, nami nikakutilia maua manane. Kwani ulitaka nikudhulumu? Umeona wapi mlango wa maua manane yote sawa? Huo ni mlango wa mtu mvivu."

"Huu si mlango, Bwana Abudi."

"Wewe mwenyewe ulinambia kazi yake ni kufungua na kufunga." Akaninyoshea kidole kilichojaa unga wa mbao. "Kinachofungua na kufunga ni mlango, mwanangu. Hilo halina vitabu."

Nikavifunga vielezo katika kitambaa chake, nikarudi Wiyoni. Gesi ilikuwa imekwisha. Siku zilikuwa zimebaki mbili.

Jumamosi ufukwe ulijaa. Baba alisimama kwenye mnazi ulioanguka akiwa amevaa tai, saa mkono mmoja, karatasi yenye muhuri mkono wa pili. Bwana Lali alikaa kwenye usukani. Mimi niliketi kando yake, kwa sababu Fundi Kombo alisema mama mzazi ndiye anayejua mtoto analia nini. Bwana Shekuwe alipanda juu ya Waziri, akaweka kofia vizuri.

"Shemeji," akaita, "farasi wamekula?"

"Wamekula, na leo utakula vumbi lao!"

"Mchanga umelowa, shemeji. Vumbi utalitoa wapi?"

Fundi Kombo akaangusha kitambaa. Waziri akaondoka. Bwana Lali akakanyaga mafuta kwa nguvu zote, injini ikalia, magurudumu ya nyuma yakachimba mashimo mawili mazuri ya kupandia minazi. Nikapiga kelele aachie. Akaachia, injini ikataka kufa. Nikavuta choki, nikamwambia akanyage kidogo, kidogo tu, pale pale. Gari likatoka mashimoni na kuanza kwenda. Lakini mwendo huo wa katikati ndio uliokuwa na vugo.

Du-du-kà, du-kà.

Tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayesindikiza wageni. Waziri alikuwa mbele yetu hatua thelathini, nami nilikuwa tayari naiona taipu, na vidole vyangu juu yake, maisha yangu yote. Kisha masikio ya Waziri yakageuka nyuma, moja, halafu la pili.

Ni lazima mwelewe kwamba punda huyu alikuwa amebeba vitu vya harusi za nusu ya mji. Tangu alipokuwa mdogo alifundishwa jambo moja: vugo hutangulia, mizigo hufuata. Punda anayepita vugo huchapwa. Waziri akasimama. Akasogea kando kwa adabu. Akatungoja tukapita, akainamisha kichwa, akashika nafasi yake nyuma ya gari, hatua tatu kamili, kama alivyolelewa.

"Waziri!" Bwana Shekuwe alikuwa anapiga kelele. "Twende! Si harusi hiyo! Ni gari! Ni ga-ri!"

Waziri alimsikia. Lakini alikuwa punda wa kuamini masikio yake mwenyewe.

Wanawake waliokuwa wakitembea ufukweni wakashindwa kuvumilia. Pembe zikatoka ndani ya buibui, na sasa vugo likawa la injini na la watu. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakigusa magurudumu ya upande wangu. Bwana Lali alikuwa anapunga mkono kama bwana harusi. Mimi nilikuwa nasikiliza nundu ya saba, ile ya kutolea moshi wa silinda ya nne, ambayo Bwana Abudi aliipenda kupita zote na kuitilia madaha. Ilianza kukosa pigo moja. Kisha mawili. Hatua kumi kabla ya mnazi, injini ikasema *kà*, ikanyamaza.

Wanawake nao wakashusha pembe. Waziri akanyanyua kichwa. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Vugo limekwisha, kwa hiyo harusi imekwisha, na punda ambaye harusi yake imekwisha huenda nyumbani, na nyumbani kwake kulikuwa mbele. Akainua mguu mmoja.

"Haya!" sauti ya Bi Maryamu ikapasua. Alikuwa ameshika pembe juu ya kichwa. "Mwasimama nini? Mwataka kuku?"

Akaipiga. Du-du-kà, du-kà. Wote wakapokea. Waziri akautua mguu wake pale pale. Na wanawake kumi na wawili wa Amu, nusu yao wakipiga na nusu wakisukuma, nami nikiwa nimeruka chini nikisukuma pamoja nao hadi magotini katika maji, tukalifikisha gari la spoti kwenye mnazi ulioanguka, na Waziri akafika nyuma yetu, hatua tatu, bila kosa lolote.

Bwana Shekuwe alishuka akaenda moja kwa moja kwa Baba.

"Karani, hiyo si haki! Gari limesukumwa! Na punda wangu ameshindwa na adabu yake!"

Baba akafungua karatasi. Akaisoma yote, pamoja na muhuri. Alikuwa mtu ambaye hakutaka nishinde, na mpaka leo naikumbuka sura yake alipofika mwisho wa mstari na kuona alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Hapa imeandikwa 'likitangulia kufika'," akasema polepole. "Haikuandikwa litafikaje. Wala haikuandikwa kwa nini." Akatoa kalamu. "Kosa ni la mwandishi."

Akatia sahihi fomu juu ya boneti, ambayo bado ilikuwa ya moto na inanukia udi.

Barua ya Fundi Kombo ilikuwa jambo jingine, maana, kama nilivyowaambia, hakujua uongo. Nilimwomba asitaje sana habari za vugo. Aliandika hivi: *Binti huyu amefungua injini kwa mkono wake, ameifunga, imewaka. Haikutulia. Amegundua mwenyewe kwa nini haikutulia, na kosa ni la kutopima. Watu wengi walitoka majumbani kuisikiliza.* Niliibeba barua hiyo hadi bara kama mtu abebaye hukumu yake. Mkuu wa chuo aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza ile sentensi ya mwisho maana yake nini. Nikafungua kitambaa cheupe, nikampangia vielezo vinane mezani, nikamweleza kila kimoja kilifanya nini ndani ya injini, kwa tarakimu, kuanzia cha kwanza hadi kile cha saba chenye madaha. Alipomaliza kufuta machozi ya kicheko aliniambia masomo yanaanza Jumatatu.

Bwana Shekuwe alitimiza ahadi. Alilisalimu gari mwezi mzima, na majirani walisema kufikia wiki ya tatu alikuwa akingoja kidogo, kana kwamba litaitikia.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha nilirudi Amu likizoni. Nilikuwa nimebeba kemshafti mpya, iliyosagwa kwa mashine, kazi ambayo sikupata kuiona safi kama ile: nundu nane, na ukipima ya kwanza umezipima zote. Nilikwenda nayo moja kwa moja kwa Bwana Abudi. Sikwenda kumsuta. Nilitaka tu aone.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaifuta kwa kanzu. Akaizungusha taratibu karibu na miwani yake, nundu moja baada ya nyingine, hadi ya nane. Kisha akarudi ya kwanza, kama mtu aliyedhani amepitwa na kitu. Hatimaye akanirudishia, na katika macho yake niliona huruma ya kweli.

"Masikini," akasema. "Fundi wake aliyua ua moya tu."